Namba ya Mlangoni

Kibandani, ziwani
12 Mei

Dada,

Shikamoo. Nimefika mzima, mabegi yote mawili yamefika, mkate umefika umepondeka. Dereva aliniteremsha pale barabara inapokata tamaa, tukabeba vitu mgongoni saa tatu nzima. Ameniambia atakuja kila Alhamisi ya pili kuleta barua na mafuta ya taa, na kwamba nisimtarajie siku nyingine yoyote hata nikivunjika mguu. Nimeelewa kuwa ni mtu wa utaratibu.

Basi Baba amestaafu, na mimi ndiye msoma maji sasa. Kiti cha Baba nimekirithi, nacho kina mguu mmoja mfupi kama alivyosema. Ziwa bado limeganda nusu. Upande wa juu mto wa barafu unashuka kutoka mlimani na kutumbukiza pua yake majini. Mara moja moja kipande humeguka, nasikia mshindo, nahesabu hadi ishirini, ndipo wimbi linafika huku kwangu. Kulia na kushoto ni miamba mitupu. Upande wa chini kuna lile tuta la mawe na udongo ambalo barafu ililisukuma enzi hizo, kisha ikarudi nyuma na kuliacha. Ndilo linaloshikilia ziwa lote. Hakuna mto unaopita juu yake. Maji hupenya chinichini katikati ya mawe na kutokea upande wa pili kama jasho, na hapo ndipo unapoanza mto unaopita mlangoni kwa wazazi wetu. Haya yote unayajua, ila fomu inaniuliza, nami nafanya mazoezi.

Ubao wa vipimo, ule wa kusomea kimo cha maji, nimeukuta umelala. Baba alinionya kwamba barafu huuangusha karibu kila majira ya baridi, wakati hakuna mtu huku. Nimefanya kama alivyonifundisha. Nyuma ya mlango kulikuwa na namba aliyoiandika kwa chaki mwezi Oktoba, siku aliyofunga kibanda: 214. Nikachukua ubao mpya, nikausimamisha ufukweni, nikaupandisha na kuushusha mpaka maji yakagusa 214, nikaugongomea hapo. Kazi ya asubuhi moja. Unakumbuka alivyokuwa akisema: ziwa halina haraka, ubao ndio unaohama.

Mengine ni baridi tu. Nisalimie watu wa ofisini kwako.

Mdogo wako,
Msoma maji mpya


Ofisi ya ramani, ghorofa ya nne
2 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako imefika ikinuka mafuta ya taa, nikajua dereva anaendelea vizuri.

Nina mambo mawili, moja zuri. Karatasi yenu ya ramani inachorwa upya na nimepewa mimi. Ziwa ambalo miaka yote limeitwa kwa namba sasa litapewa jina, na Mkuu wa ofisi amependekeza jina la Baba. Amesema, nami namnukuu: "Miaka thelathini na moja! Hakuna kituo chenye vipimo vilivyotulia kama cha Mzee Rula." Nilifikiri jina hilo la utani liliishia kijijini, kumbe limepanda ngazi hadi ghorofa ya nne. Herufi hizo nitaziandika kwa mkono wangu. Sijamwambia Baba. Nataka siku moja nimkunjulie karatasi mezani tu, nione atakavyojifanya hajali.

La pili linanisumbua. Ziwa langu halikubali kukaa. Nachora kutokana na picha zilizopigwa kwa ndege Agosti iliyopita, na kila nikichora linatoka kubwa kuliko la zamani. Nimechora mara tatu. Nimebadilisha kalamu, nimebadilisha meza, nimesafisha miwani. Mkuu anasema picha zina vivuli na vivuli hudanganya, Mzee Rula hadanganyi. Pengine ni kweli. Lakini halmashauri inaisubiri karatasi hii. Wanataka kujenga shule mpya kule tambarare, mita mia moja kutoka kwa wazazi wetu, na wanachotaka kujua ni kimoja: tuta limesimama juu ya maji kwa kiasi gani? Vitabu vya Baba vinasema mita tisa. Kwa mita tisa watajenga.

Kwa hiyo nisaidie. Toka mlangoni, nenda moja kwa moja hadi majini, uhesabu hatua. Na lile jiwe letu je, ambalo Baba alikuwa akituketisha kunywa chai, ukiweka mguu chini unagusa maji? Lipo bado? Mama hadi leo anasema mimi ndiye niliyepoteza kifuniko cha birika pale. Nilikuwa na miaka tisa. Sitasamehewa.

Dada yako


Kibandani
19 Juni

Dada,

Shikamoo. Kutoka mlangoni hadi majini ni hatua 212. Jiwe lipo.

Hongera kwa hilo la jina. Baba atajifanya anatafuta miwani yake, utaona.

Sasa barafu ya juu imeanza kuyeyuka na maji yamebadilika. Mlima unasagwa na barafu mpaka unakuwa unga, na unga huo wote unaletwa humu. Ziwa limekuwa na rangi ya maziwa yaliyodondoshewa wino wa buluu. Ukitia mkono, huoni vidole. Samaki hakuna, majani hakuna, kuna ndege wawili ambao nadhani wamepotea. Saa nane mchana upepo unashuka kutoka kwenye barafu, baridi, kila siku saa ileile. Dereva angeupenda.

Kipimo cha leo ni 231. Kinapanda kila kiangazi na kushuka kila Oktoba, kama vitabu vinavyosema.

Kuhusu picha zako, sijui. Huenda Mkuu anasema kweli, vivuli ni vingi huku.

Mdogo wako


Ofisi ya ramani
8 Julai

Mdogo wangu,

Nilikuuliza mambo mawili ukanijibu kwa mstari mmoja, halafu ukanieleza habari za ndege wawili kwa upendo mkubwa. Nimekulea mimi. Nakujua unavyoongea ukiwa umevunja kitu.

Nimeshuka chini kwenye chumba cha kumbukumbu, nimetoa vitabu vyote thelathini na kimoja. Ukurasa wa kwanza fomu inauliza umbali kutoka mlangoni hadi majini, na ukurasa wa kwanza wa kila mwaka Baba ameandika 212. Mwaka wa kwanza wino umekolea na kuna alama za penseli pembeni, alikuwa anahesabu. Miaka thelathini iliyofuata hakuna penseli. Alinakili.

Na wewe umenipa 212. Baba anakupita kichwa kizima. Tulipokuwa watoto ulikuwa unakimbia ili ulingane na hatua zake, nami nikikucheka. Miguu yenu imelingana lini?

Nisikilize vizuri. Sijakasirika kwa sababu ya ramani. Mama analala mita sitini kutoka mtoni. Mwisho wa Agosti karatasi inakwenda kiwandani kuchapwa, nami lazima niandike kitu juu ya lile tuta. Niambie niandike nini.

Dada yako


Kibandani
27 Julai

Dada,

Shikamoo. Niliinakili kutoka kwenye kitabu chake. Sikuhesabu tena. Nilikuwa nimeshahesabu mwezi wa tano.

Hatua ni 148, na miguu ni hii yangu mifupi. Ningekuwa Baba zingepungua zaidi.

Nitakueleza nilichokiona, wala sitapamba. Mwezi Mei, kabla mlima haujaanza kushusha unga wake, maji ya hapa huwa safi kama ya glasi. Siku ya pili baada ya kukuandikia ile barua ya kwanza nilikwenda kuhakikisha ubao umeshika. Jua lilikuwa nyuma yangu. Nikaona chini ya maji kisiki cha ubao wa zamani, umevunjika, misumari bado ipo. Chini yake kidogo kisiki kingine. Kisha kingine. Nilihesabu kumi na moja vikishuka kama ngazi, na mwisho kabisa, chini sana, pamekaa jiwe letu. Halikuwa pembeni mwa maji, Dada. Lilikuwa chini ya maji kwa kimo cha watu watatu na nusu. Nililijua kwa ule mpasuko wake.

Nikaketi. Kila majira ya baridi njia za maji ndani ya tuta huziba kwa barafu, ziwa linapanda kidogo, pengine shibiri moja. Baba akija Mei anakuta ubao umelala, anasoma namba ya mlangoni, anausimamisha ubao mpya mpaka maji yaguse namba ileile. Ile shibiri hakuna aliyeiandika. Mwaka ukifuata, shibiri nyingine. Na mimi nimefanya hivyohivyo, kwa mikono yangu hii, kisha nikakuandikia kwamba ni kazi ya asubuhi moja.

Aliniambia jiwe limezama kwenye tope. Nadhani aliamini. Mtu anayelala chumba kimoja na mtoto haoni anavyorefuka.

Juzi nilifanya jambo ambalo Baba hajalifanya tangu goti lake liharibike. Nilizunguka ziwa hadi kwenye tuta, siku nzima, nikapanda juu na kushusha kamba yenye mafundo hadi majini. Nilipima sehemu tano. Pale chini kabisa palipobondeka ni mita moja na sentimita sitini. Vitabu vinasema tisa. Kipande kikubwa cha barafu kikimeguka, wimbi lake litaruka juu ya tuta, na tuta ni mawe na udongo tu, halina saruji.

Nilinyamaza kwa sababu ya jina lake kwenye ramani yako. Nikajiambia nitasema ukishaiandika. Ni ujinga, najua. Andika 1.6.

Mdogo wako


Ofisi ya ramani
15 Agosti

Mdogo wangu,

Nimeandika 1.6. Mkuu aliitazama namba hiyo muda mrefu, akaniuliza kama nimekosea nukta. Nikampa barua yako. Akaisoma amesimama, kisha akaketi. Kwa haki yake niseme hakubisha. Shule imesimamishwa, na mafundi wamepangwa kuja kuchimba mfereji wa kupunguza maji, lakini Juni mwakani, kwa sababu mitambo haiwezi kupanda huko kabla barabara haijakauka.

Kwa hiyo watu wa tambarare wametakiwa wahame kabla ya Mei, barafu inapoanza tena kumeguka. Nyumba arobaini na tatu. Mkuu alimtuma ofisa na karatasi mbili zenye mihuri. Unajua walimjibu nini? "Mzee Rula anasema ziwa limetulia. Wewe umelipima lini?" Ofisa hakuwahi hata kuliona. Akarudi na mihuri yake.

Basi nikaenda mwenyewe. Nilikaa nyumbani siku mbili. Baba alinionyesha rafu aliyoitengeneza, akaiwekea pima-maji ya fundi ili nione kile kiputo kinavyokaa katikati kabisa. Nilikuwa na maneno yote mdomoni. Nikamwambia rafu imenyooka. Siku ya pili akaniuliza ofisini wanataka nini na tuta lake, nikamwambia ni mambo ya kawaida tu, nikaenda kumsaidia Mama kumenya viazi. Mama alinitazama kisu kikiwa kimesimama hewani. Nilipanda basi na aibu yangu. Nilikukaripia kwa sababu ya mstari mmoja wa barua, na mimi nimemtazama usoni siku mbili nikimdanganya.

Ukweli ndio huo: wale watu hawatahama kwa neno letu. Watahama kwa neno lake, na neno lake ni lile walilonalo. Sijui nani atamwambia.

Dada yako


Kibandani
30 Agosti

Baba,

Shikamoo. Natumaini goti linaendelea vizuri.

Nina tatizo la kazi na sitaki kulipeleka ofisini kabla hujaliona. Kitabu kinasema mlangoni hadi majini ni hatua 212. Mimi nikihesabu sipati hizo. Nimehesabu mara nyingi. Ningependa uje uhesabu mwenyewe, kwa sababu ni hatua zako. Dereva amekubali kukuleta Alhamisi, na kutoka barabarani tutapanda polepole, hata ikichukua siku nzima. Nimekubali kulala sakafuni.

Kiti kile nimekitengeneza mguu.

Mwanao


Nyumbani
22 Septemba

Mwanangu,

Nimeshuka salama. Goti limelalamika lakini halina hoja.

Pale juu sikusema mengi, na najua ulikuwa unangoja niseme. Nilihesabu mara ya kwanza nikapata 139. Nikafikiri nimeruka. Nikarudi mlangoni nikahesabu tena, nikapata 141, kwa sababu mara ya pili goti lilikuwa limechoka na hatua zimepungua urefu. Mtu mwenye goti bovu hawezi kufika majini kwa hatua chache kuliko alivyokuwa kijana. Hapo sikuhitaji kamba yako, ingawa nashukuru ulinionyesha.

Mzee aliyenifundisha kazi alikuta ubao umelala, na mimi nikakuta umelala. Kila kitu pale ufukweni nilikiona kinazama. Ubao unazama, jiwe linazama, ngazi za mawe nilizojenga mwaka wangu wa sita kazini zinazama. Kila kitu kinazama isipokuwa ziwa. Niliamini ziwa, nikashuku ubao. Sina la kuongeza hapo.

Ukifunga kibanda mwezi ujao, usiandike namba mlangoni. Tafuta mwamba mzima, usio jiwe la kuviringika, utoboe, ufunge ubao kwa bolti nne. Ukiusimamisha, usiuguse tena, hata ukikuudhi.

Umesema hukutaka kulipeleka ofisini kabla sijaliona. Dada yako alikuja hapa kutazama rafu yangu kwa siku mbili, na rafu haihitaji siku mbili. Ninyi ni watoto wazuri na ni waongo wabaya. Sikuwafundisha kazi hiyo, ndiyo sababu.

Sasa nina shughuli huku chini.

Baba yako


Kambini, mwambani juu ya ziwa
9 Mei

Dada,

Shikamoo. Utakuwa umeshasikia, lakini utataka kuyasoma kwa mpangilio.

Ilikuwa tarehe tatu, saa nne asubuhi, jua kali. Nilikuwa nimepanda na watu wawili wa ofisini kwako kwenye mgongo wa mwamba wa kulia, na hiyo ni bahati, kwani mimi nilitaka kwenda kibandani kwanza kuwasha jiko. Mto wa barafu uliachia kipande kikubwa kama jengo lenu la ofisi. Wimbi lilivuka ziwa lote. Lilipofika kwenye tuta halikupiga kelele kubwa, lilimwagika tu juu ya pale palipobondeka, kama maji yanavyovuka mdomo wa sufuria. Nikadhani yameisha. Lakini yalikuwa yamechora mfereji mdogo, na mfereji ukaanza kujichimba. Baada ya nusu saa tuta lilikuwa na pengo la kupitisha malori kumi. Saa saba kasoro ziwa lilikuwa limekwisha. Kule katikati limebaki dimbwi.

Huko chini mto umepita tambarare yote, ukuta hadi ukuta wa bonde. Nyumba arobaini na tatu. Ya kwetu imebaki kizingiti na nusu ya ngazi. Watu waliokuwa ndani ya nyumba hizo ni sifuri. Mbuzi mmoja alirudi kwake alfajiri ile kwa sababu zake mwenyewe, hajaonekana. Wengine wote walikuwa kule juu kilimani kwenye mabanda ya mabati tangu Novemba, wakilalamika baridi. Siku ile hawakulalamika. Walisimama wakatazama, Baba kati yao.

Jana nimeshuka ndani ya ziwa. Unatembea pale palipokuwa na maji, udongo wa kijivu, laini kama unga, unaacha nyayo. Visiki vyote kumi na moja vimesimama jinsi vilivyo. Nimefika kwenye jiwe. Limekaa juu ya changarawe ngumu, Dada, halikuzama hata kidole. Nikaketi. Ndani ya mpasuko kulikuwa na kifuniko cha birika. Nimekituma kwa Mama kupitia kwa dereva, nikamwambia ushahidi umepatikana na kwamba kosa ni la mpasuko.

Nililia kidogo pale. Nakuambia kwa sababu nimeacha kuficha mambo.

Mdogo wako


Ofisi ya ramani
18 Mei

Baba na Mama,

Shikamooni. Mdogo wangu ameniandikia yote, nimesoma mara mbili nikiwa nimesimama dirishani. Ninyi mko hai. Nimeandika sentensi hiyo ili niione.

Karatasi haijachapwa. Mkuu aliizuia tangu ile namba ilipobadilika, na sasa naichora mara ya tano. Nimefuta ziwa, nimeweka dimbwi, pengo na tope. Ananiuliza kama jina la Baba bado liandikwe. Baadhi ya wenzangu wanaona si heshima kuliita ziwa lililopasuka kwa jina la mtu, hasa yeye. Mimi sioni sawa kuamua bila Baba kusema. Na mtaniwia radhi, najua Baba hatasema.

Binti yenu


Mabandani
1 Juni

Wanangu wote wawili,

Kifuniko kimefika. Hakiingii kwenye birika lolote nililonalo, lakini nimekitundika ukutani. Dada mtu, nimekusamehe. Ilichukua muda kwa sababu nilikuwa nangoja ushahidi.

Baba yenu amesoma barua ya jina, ameikunja mara nne, amekwenda kupima urefu wa mlango wa banda, ambao tayari anaujua. Kwa hiyo najibu mimi. La jina mtaamua wenyewe, ninyi ndio mliosoma. Ila kuna jambo sikuwaandikia wakati ule, kwa sababu niliona ni lake. Sasa nyumba haipo na mnaweza kulijua.

Aliposhuka kutoka kibandani mwezi wa tisa hakula. Asubuhi alivaa koti lile la kustaafu, akatoka, akaanza na nyumba ya juu kabisa, ile ya mwalimu. Alikwenda mlango kwa mlango. Kila mlango alibisha hodi, akavua kofia, akasema maneno yaleyale, nayajua kwa sababu majirani wote walikuja kunisimulia: "Namba zangu si za kweli. Maji yamepanda mita saba na sentimita arobaini, na mimi nimeandika kwamba yametulia. Si ofisi, ni mimi. Tafadhali hameni kabla ya mwezi wa tano." Halafu anavaa kofia, anakwenda mlango wa pili.

Mwalimu alicheka, akidhani ni utani wa mzee. Baba yenu alingoja amalize kucheka, akaanza upya tangu mwanzo. Fundi seremala alimfungia mlango katikati ya maneno. Akabisha tena, kwa sababu sentensi ilikuwa haijaisha. Yule mjane aliyejenga miaka mitano iliyopita kwa kumuuliza yeye kama ni salama, huyo alimtukana mpaka mtaa ukatoka nje. Alisimama akasikiliza yote, kofia mkononi. Kisha akasema, "Ndiyo," akaenda mlango unaofuata. Ilimchukua siku mbili, kwa goti lile. Na wakaanza kufunga mizigo. Walimwamini alipokosea kwa miaka thelathini na moja. Siku aliyosema amekosea wakamwamini pia, wengine wakiwa wamekasirika kabisa.

Jioni ya siku ya pili nilikuwa jikoni. Nikahesabu moyoni: nyumba arobaini na mbili, amemaliza, sasa atakula. Nikaweka sahani. Nikasikia miguu yake kwenye ngazi, ule mzito na ule mwepesi. Nikangoja mlango ufunguke. Haukufunguka. Wanangu, alibisha hodi.

Ufunguo alikuwa nao mfukoni. Nikaenda nikafungua. Alikuwa amesimama nje, kofia mkononi, amenyooka kama mtu aliyekuja kuomba kazi, akaniambia yote, neno kwa neno, tangu "namba zangu si za kweli" hadi "tafadhali hameni". Sauti ilimkatika kidogo kwenye "ni mimi", akairudia.

Nyumba ile alinijengea kwa mikono yake mwenyewe. Nikamwambia: "Nimesikia, Mzee. Ingia basi, tuanze na vyombo."

Mama yenu